Oili ya Difu: Jua Kwanza Kilichomo Ndani

Mwenye Subaru Impreza WRX STI akienda gereji kubadilisha oili ya injini, huchagua chapa kwa makini na kubishania bei. Ikifika zamu ya difu anasema tu, "Weka oili ya gia." Fundi naye anachota kwenye debe lile lile linalohudumia malori. Gari linaondoka bila kelele, na ndiyo maana mazoea haya yamedumu. Krauni na pinioni, gia kuu za difu, haziharibiki kwa siku moja.

Wengi huuliza oili ipi ni nzuri. Kabla ya hilo, jiulize difu yako ni ya aina gani.

Difu huyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona, kwa kuwa la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu moja likikosa mshiko, hilo ndilo linalozunguka bure huku mwenzake ametulia. Gari la spoti halivumilii jambo hilo, hivyo hupewa difu ya LSD, yenye kubana ili nguvu isipotelee upande mmoja.

Tatizo ni kwamba LSD si kitu kimoja. Ipo ya sahani, ambamo sahani za klachi husuguana kwa makusudi ndani ya oili. Hii inataka oili yenye kemikali ya kulainisha msuguano, na chupa yake huandikwa LS au LSD. Ukiikosesha, kwenye kona kali ya maegesho utasikia mkwaruzo na mtetemo kutoka nyuma. Ukiizidisha, sahani zitateleza na LSD uliyoilipia itageuka difu ya kawaida, nawe hutajua mpaka ukwame kwenye tope.

Ipo pia Torsen, inayobana kwa msuguano wa gia zake zenyewe. Kuitilia kemikali ile ni kuipunguzia nguvu kwa pesa zako. Ya tatu hutumia majimaji ya silikoni yaliyofungiwa ndani ya kopo lake, yasiyokutana kabisa na oili ya difu. WRX nyingi za kawaida zilikuja na hii ya silikoni. STI za awali zilikuwa na difu ya sahani, na za baadaye zikapewa Torsen. Kwa hiyo Impreza mbili zilizoegeshwa bega kwa bega zinaweza kuhitaji oili tofauti, hata kama mwenye duka ataapa kwamba Subaru ni Subaru.

Baada ya aina, tazama daraja. Difu nyingi za nyuma zina gia za haipoidi, mpango ambao Packard ya Marekani iliuingiza kwenye magari mwaka 1926. Pinioni huwekwa chini ya kitovu cha krauni, shafti ikashuka na gari likawa chini. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu, yanateleza pia moja juu ya jingine kwa shinikizo kubwa linaloweza kuisukuma oili ya kawaida ikatoka kati yake. Oili ya daraja la GL-5 ina salfa na fosforasi zinazojenga utando juu ya chuma, na harufu yake kali inatokana na salfa hiyo. GL-4 ina takriban nusu tu ya kemikali hizo. Usiiweke kwenye difu ya haipoidi, hata ikiwa ni ya bei mbaya.

Kinyume chake kina tahadhari pia: baadhi ya GL-5 hula shaba ya sinkronaiza za giaboksi, basi usihamishe chupa kutoka difu kwenda giaboksi bila kusoma kitabu cha gari. Subaru ya gia tano za mkono ina utaratibu wake. Giaboksi na difu ya mbele hushiriki oili moja, kama lita 3.5, na kiwanda kinaagiza GL-5. Kwenye ya otomatiki, difu ya mbele ina oili yake na kijiti chake cha kupimia. Fundi asiyelijua gari humwaga oili hiyo akidhani ni ya injini, kisha anaijaza injini oili mpya juu ya ile ya zamani. Injini inafurika, difu inabaki kavu.

Kuhusu uzito, 75W-90 ya sinthetiki inatosha gari la barabarani, Dar es Salaam hata Nakuru. Tarakimu yenye W inahusu baridi kali ambayo huku hatuijui. Inayotuhusu ni 90. Isikutishe, kwani vipimo vya oili za gia ni tofauti, na 90 hiyo ina uzito wa karibu na oili ya injini ya 40 au 50. 85W-140 ya lori itaipotezea difu nguvu bure.

Siku ya kazi, mwambie fundi afungue nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ya juu ikigoma wakati oili imeshamwagwa, gari halitoki gereji. Oili iliyotoka ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Kagua sili na tundu la kupumulia. Ujazo unatosha oili inapofika ukingo wa tundu la kujazia.

Difu ya nyuma ya STI hubeba takriban lita moja. Nenda dukani na namba ya chesisi, siyo na jina la gari tu.