Litakuja Jina la Mke Wangu

"Lipa namba hiyo hapo ukutani," anasema muuza chipsi wa Mikocheni, macho yakiwa kwenye karai. "Litakuja jina la mke wangu." Unabonyeza. Linatokea jina la mwanamke ambaye hujawahi kumwona, unalisoma kwa sauti, naye anaitikia bila kugeuka: "Huyo huyo." Unaweka namba ya siri, unapewa chipsi zako, maisha yanaendelea.

Mikocheni, hapa Dar es Salaam, ilipata jina kwa mikoche, ile minazi pori ya kokwa ngumu, na leo ni mahali pa Shoppers Plaza, Hospitali ya Kairuki na magari yenye vioo vyeusi. Simu janja zimejaa. Hata hivyo ibada hii ya kusomeana jina ni ile ile utakayoikuta Mbagala kwa mwenye kitochi, na mimi naamini ndiyo inayoeleza vizuri kuliko kitu chochote namna tunavyotumia benki, duka na daktari wa kwenye simu.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Menyu yake ya *150*00# haihitaji intaneti. Inapita kwenye njia ya ishara, hiyo hiyo ambayo mtandao huitumia kuiambia simu yako kwamba kuna mtu anapiga. Ujumbe mfupi wa kawaida ni kama barua: unafika kituoni, unatunzwa, ukiwasha simu kesho unaukuta. Menyu ni maongezi. Pande zote mbili sharti ziwe hewani, kila ujumbe hauzidi herufi 182, na ukizubaa kutafuta miwani maongezi yanakatika, unaanza upya. Ndani ya nafasi finyu kiasi hicho, hatua moja kabla ya namba ya siri, wahandisi wakapenyeza jina la mpokeaji.

Walijua wanafanya nini. Namba ya simu ina tarakimu kumi, na mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba. Tarakimu moja ikikosewa jicho halistuki. Jina likikosewa, moyo unaruka.

Wezi nao walijua. Kila mwenye laini Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa aina hii: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Tumeugeuza utani, lakini ukiuchambua ni kazi ya fundi wa lugha. Nguvu yote iko kwenye neno moja, "ile". Kiswahili kinasema "hii" kwa kilicho karibu na msemaji na "hiyo" kwa kilicho karibu na msikilizaji au kilichokwisha kutajwa. "Ile" ni ya mbali, na pia ni ya kitu ambacho wewe na mimi tunakijua bila kuelezana. Mtu akikuambia "ile hela", sarufi imeshakubali kwa niaba yako kwamba hela ipo. Akili haiulizi kama ipo. Inaanza kutafuta ni ipi. Na Dar es Salaam, ambako kodi ya nyumba hulipwa kwa miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kwa mpigo, haitafuti muda mrefu.

Sehemu iliyobaki ni hesabu. Tuseme ujumbe umetumwa kwa watu elfu kumi, na saa hiyo mtu mmoja kati ya elfu yuko katikati ya kupanga kumtumia mtu pesa. Hao ni kumi ambao kwao ujumbe haukuwa wa ajabu hata kidogo. Ulifika kwa wakati wake. Tapeli hakumjua yeyote kati yao. Ndiyo maana hataji kiasi wala sababu: kila neno la ziada lingempunguzia watu.

Lakini kinachonikera zaidi ni ule mkia, "jina litakuja fulani". Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao makataa yake yalikuwa Januari 2020, jina linalotokea ni la mtu halisi mwenye namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Kwa hiyo jina alilokutajia tapeli linakuja kweli, na wewe unapumua. Hujathibitisha kwamba ni mwenye nyumba wako. Umethibitisha kwamba tapeli hakukosea alipokutajia jina, ambalo pengine ni la bibi aliyesajiliwa laini asiyoijua. (Bonyeza *106# uone zako zipo ngapi; meseji za utapeli zina namba yake ya kuripoti, 15040.) Na nani aliyetuzoesha kupokea jina la mtu baki bila kushtuka? Muuza chipsi na mke wake.

Tofauti ni kwamba muuza chipsi yupo pale, na chipsi zipo kwenye karai.

Ukiishika tofauti hiyo utaelewa kwa nini ununuzi wa mtandaoni hapa umechukua sura yake. Jumia, duka kubwa la mtandaoni Afrika, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kununua kwa simu hakukufungwa. Kulihamia Instagram, kwa wauzaji wa Kariakoo wenye picha nzuri na sharti linalojulikana: Dar unalipa ukipokea, mikoani unalipa kwanza ndipo mzigo unapandishwa basi. Mchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba muuzaji akiijua bidhaa kuliko mnunuzi, mnunuzi huhofia kuuziwa kibovu na hushusha bei anayokubali kulipa, hadi wenye vitu vizuri wanakimbia soko. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mama wa Mikocheni analitatua tatizo hilo getini: anakishika kitambaa, anakipima urefu dhidi ya mkono wake, anauliza kwa nini pichani kilikuwa na pindo, na dereva wa bodaboda anasubiri juani kama shahidi mahakamani. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliwapa watu wengi namba ya nyumba na jina la mtaa. Boda bado anaelekezwa, "Fika Shoppers, halafu nipigie."

Kwenye afya, geti hilo halipo, na hapo nakuwa mgumu. Picha ya upele inatumwa WhatsApp kwa mfamasia wa mtaa, sauti ya kikohozi cha mtoto inarekodiwa, jibu linarudi kabla chai haijapoa. Kwa upele huenda likatosha. Kwa homa, hapana. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikutwa kwa takriban mmoja kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Homa zote hizo kwenye simu zinasikika sawa: mtoto anachemka, hali chakula. Kinachoitenga malaria na hizo nyingine ni tone la damu ya kidole kwenye kipimo cha haraka, kinachonasa protini ya kimelea. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa. Tone hilo ndilo jina linalotokea kabla ya namba ya siri, na simu haina pa kulidondoshea.

Walioelewa mapema kwamba simu haitoshi bila mtu aliye pale wako jirani, Msasani. Hospitali ya CCBRT hutibu bila malipo wanawake wenye fistula, tundu linaloachwa na uchungu wa uzazi uliokwama, ambalo huvujisha mkojo bila kukoma. Upasuaji ulikuwepo. Nauli haikuwepo, na wengi walikaa vijijini na aibu yao kwa miaka. Mwaka 2009 hospitali ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa, haikumtumia mgonjwa ambaye huenda hana hata simu, bali balozi: muuguzi au mtu wa hapo hapo aliyewahi kumwona na kumjua. Balozi anatoa pesa kwa wakala, anakata tiketi, anampandisha mama kwenye basi.

Balozi naye ana kifuta jasho chake. Hutumiwa mama akishafika hospitali.