Kurudi Darasani kwa Ajili ya Jukwaa Baada ya Umri wa Miaka 40

Kathryn Joosten alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili mjini Chicago, mama wa watoto wawili aliyekwisha kuachana na mumewe, alipoanza kuigiza akiwa na umri wa miaka 42. Alianzia kwenye vikundi vya maigizo vya kijamii. Hollywood alihamia mwaka 1995, miaka 55 ikiwa imetimia. Mwaka 1999 akapata nafasi ya Bi Landingham, katibu muhtasi wa rais katika tamthilia ya The West Wing, kisha akashinda tuzo mbili za Emmy, mwaka 2005 na 2008, kwa kazi yake katika Desperate Housewives. Wengi wanaosimulia habari zake huruka kutoka hospitalini hadi kwenye tuzo. Katikati kuna zaidi ya miaka kumi ya mazoezi, na hiyo ndiyo sehemu inayomhusu mtu wa makamo anayefikiria kurudi darasani.

Hofu ya kwanza ya mwanafunzi wa umri huo ni kumbukumbu: maneno yote haya nitayashikaje? Helga Noice, mwanasaikolojia wa Marekani, na Tony Noice, mwigizaji na mwongozaji, wametumia miaka mingi kuchunguza jinsi waigizaji wanavyoshika maneno yao. Waligundua kwamba waigizaji wazoefu hawaanzi kwa kukariri neno baada ya neno. Huanza kwa kuuliza mhusika anataka nini. Chukua kauli fupi kama “Mlango uko wazi.” Je, mwenye nyumba anamkaribisha mgeni, au anamfukuza? Ukishaijua nia, ukaitamka kauli hiyo huku ukiinuka kitini na kumtazama mwenzako, neno linakaa.

Wakaijaribu njia hiyo kwa watu wasiowahi kuwa waigizaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 walishirikisha watu 124 wenye umri wa miaka 60 hadi 86. Waliofundishwa kuigiza kwa wiki nne tu waliwapita wasiopata mafunzo yoyote katika kukumbuka maneno na kutatua matatizo. Kama mtu wa miaka 75 anaweza, wa miaka 45 hana sababu ya kujikatia tamaa.

Mwili, hata hivyo, hudai heshima yake. Gegedu za zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Sauti ya mwanamke huelekea kushuka baada ya hedhi kukoma, na ya mwanamume hupanda na kuwa nyembamba uzeeni. Kwa hiyo mwalimu mzuri hampangi mwanafunzi wa miaka 50 kwa kufuata sauti aliyoimbia kwaya ya sekondari, humsikiliza upya. Zoezi moja linalofaa sana ni la mrija: unatia maji kidogo kwenye glasi, unatumbukiza mrija, kisha unaimba ndani yake, noti ikipanda na kushuka huku mapovu yakichemka. Msukumo wa hewa unaorudi nyuma huzipunguzia nyuzi za sauti kazi ya kugongana kwa nguvu. Dakika chache kabla ya somo zinatosha. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu kasi ya kujifunza, funzo zuri limetoka kwa bundi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwavalisha ndege hao miwani iliyohamisha kila walichokiona upande mmoja, ili wapime kama usikivu wao utajirekebisha uendane na macho. Makinda waliweza. Wakubwa walishindwa walipopewa badiliko lote kwa mkupuo. Lakini mwaka 2002 watafiti hao walionyesha kwamba badiliko likiongezwa kidogo kidogo, bundi wakubwa nao hujirekebisha, tena kwa kiasi kikubwa. Binadamu si bundi, ila walimu wa ala wataitambua hali hiyo: mtu mzima anayeng’ang’ania wimbo mzima wa udi siku ya kwanza huchoka na kuacha, anayerudia kipande cha sekunde tano hadi vidole vitulie husonga mbele.

Pwani yetu ina mfano mkubwa kuliko yote haya. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, alikuwa akifinyanga na kuuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, na huko ndiko mwanachama mmoja wa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa alipomfundisha uimbaji na muziki. Aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa anakaribia miaka 50.

Anayetaka kufuata njia hiyo leo ana pa kwenda: TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mjini Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, na Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, iliyopo tangu 1944. Mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya mitihani ya Uingereza, inayofanywa pia Afrika Mashariki, haina kikomo cha umri.

Vyuo vyetu viongeze madarasa ya jioni na ya Jumamosi, kwa maana mwenye kazi na watoto wa kulea hawezi kukaa darasani saa nne asubuhi. Nawe msomaji, usiiache kazi kwanza. Nenda chuoni, omba kuketi kwenye somo moja, uliza ada na ratiba, kisha anza na kozi fupi.