Unauza skii za mtumba? Muulize mteja kwanza anapandaje mlima

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na walioko nchi za baridi, ila anayeuza mtumba popote ataokota kitu.

Mimi niko Calgary, Kanada. Nanunua vifaa vya skii vilivyotumika, nauza tena mtandaoni. Kila msimu naona wauzaji wapya wakichoma mtaji kwa kudhani skii ni skii. Si kweli! Kuna za watu wa lifti na kuna za watu wa kupanda kwa miguu.

Za lifti
Lifti ya viti ni kebo ya chuma inayozunguka, viti vimening'inia. Unakaa, unapelekwa juu, unateleza kushuka. Ya kwanza ilijengwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936. Mhandisi Jim Curran alitoa wazo kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini! Kwa kuwa lifti ndiyo inayobeba, skii na buti zikiwa nzito si tatizo, na kisigino kinabaki kimefungwa.

Za kupanda kwa miguu
Hapa mteja anajipandisha mwenyewe, kwa hiyo anataka wepesi. Kifungio cha buti kinaachia kisigino akipanda, kinakifunga akishuka. Chini ya skii anabandika "ngozi", vitambaa vyenye manyoya ya nailoni au mohea, vinavyoteleza mbele bila kurudi nyuma.

Kabla hujatoa hela, kagua:

1. Buti. Vifungio vingi vya kupandia ni vya pini. Tafuta vitundu viwili vya chuma, kimoja kila upande wa ncha ya buti. Kama havipo, haiingii, hata saizi ikilingana.

2. Namba mbili. Saizi 27.5 ni urefu wa mguu kwa sentimita. Urefu wa soli kwa milimita huandikwa karibu na kisigino, na ndio fundi anautumia kurekebisha kifungio. Weka zote kwenye tangazo.

3. Vifungio. Hivi ndivyo vinavyotakiwa kuachia buti mtu akianguka, asivunjike mguu. Vya zamani sana watengenezaji hawavidhamini tena, na fundi anaweza kukataa kuvigusa. Hapo umenunua mbao tu. Mtumie fundi picha kabla ya kulipa.

4. Skii zenyewe. Zigeuze. Angalia kingo za chuma, nyufa, na matundu ya vifungio vya zamani yaliyozibwa.

5. Ngozi. Gusa gundi. Ikibaki kwenye vidole, imechoka. Shusha bei.

6. Kifaa cha kutafutia aliyefukiwa na theluji. Vya sasa vinatumia mawimbi ya 457 kHz. Kikiwa na kutu kwenye betri, au nisipojua historia yake, sikiuzi kabisa. Poromoko likimfunika mteja, wenzake wanamtafuta kwa hicho hicho. Hakuna faida ya kufidia hapo.

Muda: nunua Aprili na Mei watu wanapofungua stoo zao, uza Oktoba na Novemba.

Mteja akikuandikia "hizi zipo?", usikimbilie bei. Muulize: "Unapanda kwa lifti au kwa miguu? Buti zako ni zipi?" Akijibu hayo mawili, utajua kama una mzigo wake. Kama huna, mwambie huna. Atarudi siku nyingine, na ataleta wenzake.