Unauza fila geji? Usitangaze idadi ya vibamba, tangaza namba zake

Leo naongea zaidi na sisi tunaouza vifaa vya mafundi mtandaoni: spana, spea za pikipiki na mazagazaga mengine ya gereji. Fila geji ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, lakini kinaleta maneno na wateja kuliko ukubwa wake. Na mara nyingi shida haiko kwenye mzigo. Iko kwenye tangazo.

Kwa ambao hawaijui: ni vibamba vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja upande mmoja, vinafunguka kama kisu cha kukunja. Kila kibamba kina unene wake na umeandikwa juu yake. Fundi anakichomeka kwenye mwanya ili ajue mwanya huo ni wa ngapi. Kazi yake kubwa kwetu huku ni kufunga tapeti za bodaboda, jenereta na pampu za maji, na kupima mwanya wa plagi.

Kwa nini fundi asikadirie tu kwa macho? Kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Mwanya wa tapeti ukiwa mdogo sana, valvu haifungi vizuri injini ikichemka, kompresheni inapotea, na valvu yenyewe inaweza kuungua. Ukiwa mkubwa sana, tapeti zinagonga na nguvu inapungua. Na vipimo vyenyewe ni vidogo balaa. Karatasi ya kawaida ya A4 ina unene wa kama milimita 0.10. Sasa kuna injini zinataka mwanya wa 0.05, yani nusu ya karatasi. Hapo macho hayasaidii.

TUANZE NA TANGAZO

Matangazo mengi utakuta yameandikwa "Fila geji vibamba 20, kali sana, bei poa". Mteja akiona 20 na jirani yako ana 17, anachukua ya 20 akijua kapata nyingi. Sasa angalia seti tatu zinazopatikana sana sokoni:

Vibamba 13: inaanza 0.05, inapanda kwa 0.05 hadi 0.30, halafu inapanda kwa 0.10 hadi 1.00.

Vibamba 20: inaanza 0.05 na kupanda kwa 0.05 hadi 1.00. Yani 0.05, 0.10, 0.15, hivyo hivyo.

Vibamba 17: inaanza 0.02, 0.03, 0.04, 0.05, 0.06, 0.07, 0.08, 0.09, 0.10, halafu 0.15, 0.20, 0.25, 0.30, 0.40, 0.50, 0.75 na 1.00.

Chukua mfano wa Honda CG125. Tapeti zake zinafungwa kwa 0.08, na pikipiki nyingi za Kichina zimetengenezwa kwa kufuata injini hiyo. Fundi wa pikipiki hizo akinunua ile ya vibamba 20, hana 0.08. Ana 0.05 ambayo ni ndogo na 0.10 ambayo ni kubwa. Ya vibamba 17 ndo ingemfaa, ingawa idadi ni ndogo. Kumbe ulimuuzia vibamba vingi vya kazi asiyoifanya.

Piga hesabu. Chukulia faida yako ni 4,000 na mzigo umeutuma Mbeya kwa basi. Mteja akirudisha, nauli ya kwenda na kurudi imekula faida yote na mfukoni umeingia. Halafu fundi ana kundi lake la mafundi la WhatsApp, na huko ndiko utakakojadiliwa.

MILIMITA NA INCHI

Fila geji nyingi zina namba mbili kwenye kibamba kimoja: milimita na inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo kibamba cha 0.10 mm utakiona pia kimeandikwa .004, hiyo ni inchi.

Hatari iko hapa: mteja anaandika "nataka ya 010". Akimaanisha 0.10 mm, sawa. Akimaanisha inchi .010, hiyo ni 0.254 mm, zaidi ya mara mbili na nusu! Usikisie. Muulize: "Kaka, ni milimita au inchi?" Swali la sekunde tano linaokoa injini ya mtu.

KAGUA MZIGO KABLA YA KUUZA

1. Namba zisomeke. Zilizochongwa kwenye chuma zinadumu. Zilizopakwa rangi juu juu zinafutika na oili, na kibamba kisicho na namba hakina kazi.

2. Pitisha kidole taratibu pembeni mwa kibamba. Kikikwaruza, kina vijichuma vilivyobaki kiwandani, na vitaongeza unene wakati wa kupima.

3. Angalia vile vyembamba vya 0.02 na 0.03. Vinakunjika haraka. Kikishakunjamana, kipimo chake hakiaminiki tena.

4. Angalia kutu. Tulio Dar, Tanga au Mombasa tunajua hewa ya chumvi inavyofanya. Chuma cha kawaida kipakwe oili nyepesi kabla ya kufungasha. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia zaidi, kiandike kwenye tangazo.

5. Usithibitishe unene kwa kalipa ya dijitali ya bei rahisi. Nyingi zinaweza kupotoka kwa 0.02 hivi, na kwenye kibamba cha 0.05 hiyo ni karibu nusu ya kipimo. Mtafute fundi wa kuchonga vyuma mwenye maikromita, akupimie seti moja kutoka kila mzigo mpya.

AINA ZA KUMUELEZA MTEJA

Zipo zilizonyooka na zilizopinda nchani. Zilizopinda zinamfaa fundi anayefanya kazi sehemu finyu ambako mkono hauingii vizuri. Zipo pia za shaba nyeupe au njano, ambazo hazivutwi na sumaku. Hizo ni za kupima mwanya wa sensa zenye sumaku, lakini ni laini, zinaharibika mapema. Mteja wa tapeti muuzie ya chuma.

MASWALI YA INBOKSI

"Sina 0.08, nifanyeje?" Mwambie anaweza kuunganisha 0.05 na 0.03, vyote viwe safi kabisa. Uchafu au oili katikati inaongeza unene. Asirundike vibamba vingi.

"Nitajuaje kipimo kimekaa?" Kibamba kipite kwa kukwama kidogo, kama kinavutwa. Kikipita bila kugusa, mwanya ni mkubwa. Kisipoingia, asikilazimishe.

"Pikipiki yangu niweke ngapi?" Hapa usijifanye fundi. Mwambie afuate kitabu cha injini yake, maana mwanya wa valvu ya kuingiza na ya kutoa moshi unaweza kutofautiana, na injini nyingi zinapimwa zikiwa zimepoa. Ukimtajia namba ya kubahatisha na injini ikafa, lawama ni yako.

TANGAZO LENYEWE SASA

Unaweza kuandika hivi:

"Fila geji ya chuma, vibamba 17 vilivyonyooka. Unene mm: 0.02 hadi 0.10 (kila 0.01), 0.15, 0.20, 0.25, 0.30, 0.40, 0.50, 0.75, 1.00. Namba zimechongwa. Inafaa tapeti za pikipiki na plagi. Angalia kwanza kitabu cha injini yako, kisha uniambie unahitaji ngapi."

Picha piga vibamba vikiwa vimefunguliwa, namba zionekane, si boksi limefungwa. Ukituma mkoani, weka kadibodi pande zote mbili ili mzigo usikunjwe kwenye buti la basi.

Tangazo la hivi litakupunguzia wateja wa "bei gani mwisho", na litakuletea mafundi wanaojua wanachotaka. Fundi akipata kipimo sahihi mara ya kwanza, spea zinazofuata atakuulizia wewe.

Wewe unauza kitu gani ambacho mteja anahesabu vipande badala ya kusoma vipimo? Andika kwenye komenti, tujifunze wote. Na kama una mwenzako anauza vifaa vya gereji, mtumie hii.