Baba katika kumbukumbu za wanawe (2): Salme na Sayyid Said

Wiki iliyopita tulieleza taratibu za msiba wa baba huku kwetu pwani: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa, kisha hitima na arobaini. Tulisema kwamba taratibu hizo, pamoja na kumstahi maiti, humpa mfiwa mahali pa kulilia na watu wa kulia nao. Leo tumtazame binti aliyefiwa na baba akayakosa karibu yote hayo, akaja kumlilia kwa kalamu miaka 30 baadaye, katika nchi ya mbali na kwa lugha ambayo baba mwenyewe asingeielewa.

Binti huyo ni Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, aliyeshika utawala wa Oman mwaka 1806, kisha akahamishia makao yake Unguja na kuhimiza kilimo cha karafuu. Ndiye aliyefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1840 merikebu yake Sultana ikatia nanga New York. Mwaka 1886 Salme, wakati huo akiitwa Emily Ruete, alichapisha mjini Berlin kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Kitabu hicho mara nyingi hutajwa kuwa tawasifu ya kwanza kuchapishwa ya mwanamke wa Kiarabu.

Wanahistoria humsoma Sayyid Said katika mikataba, barua za mabalozi na hesabu za forodha. Salme anamkumbuka kwa mwendo wake. Mbele ya kasri la Mtoni, upande wa bahari, palikuwa na baraza kubwa la mbao, la duara, lenye paa mfano wa hema. Humo mzee alikuwa akienda na kurudi kwa saa nzima, kichwa kimeinama, mawazo yako mbali. Alichechemea kidogo, maana risasi aliyopigwa vitani ilikuwa imebaki pajani. Pembeni paliwekwa viti vichache vya mwanzi na darubini ya kutazamia vyombo. Hakuna balozi aliyeona haja ya kuandika hayo, lakini mtoto aliyekuwa akimchungulia baba yake ili ajue leo anafikika au hafikiki hakuweza kuyasahau.

Nyumba yenyewe ilikuwa na watu wengi na makelele mengi. Uani walizunguka tausi, paa na mbuni. Mbele ya Sayyid ilipaswa kusemwa Kiarabu tu. Akigeuka mgongo, kila mmoja alirudia lugha yake, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Penye chakula palikuwa kimya. Watoto walikula na baba, lakini masuria hawakukaribishwa pale, hata waliokuwa mama wa watoto hao. Salme anayaeleza haya bila kulalamika, kama mtu anayesema mvua hunyesha masika. Msomaji wa leo huona wazi kwamba mapenzi yake kwa baba yalikulia katika nyumba ambayo mama yake hakuruhusiwa kuketi alipoketi yeye.

Jambo jingine lilitokea kwa siri. Wasichana wa kasri walifundishwa kuisoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Bila mfupa ule, kumbukumbu tunazozisoma leo huenda zisingeandikwa.

Sayyid Said aliondoka Unguja kwenda Oman mwaka 1854. Akiwa njiani kurudi, ndani ya merikebu Victoria, alifariki dunia tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli. Alikuwa na umri wa miaka kama 65. Desturi ni kwamba Mwislamu akifia baharini na nchi kavu iko mbali, husaliwa na kuzikwa humo humo baharini. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, hakufanya hivyo. Alimtia baba katika jeneza, akafika naye Unguja, akamshusha usiku kwa siri na kumzika Makusurani kabla watu wa nyumbani hawajapata habari. Haraka ile ilikuwa na sababu: Barghash alitaka kuukamata utawala kabla kaka yake Majid hajajua kwamba kiti ki wazi. Hakufaulu, na Majid akatawala.

Waliobaki nyumbani walikuwa wakisubiri chombo kwa furaha. Kwa zaidi ya miaka miwili hawakuwa wamemwona baba. Walipokuja kuambiwa, alikwisha kuzikwa, na waliomzika walikuwa katika mbio za madaraka. Wengi wa wanawe hata wa kiume hawakupata kumtupia udongo. Salme alikuwa na umri wa miaka 12.

Baadaye mali iligawanywa kwa sheria ya dini, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, kati ya watoto 36 ambao, kwa hesabu ya Salme, walikuwa hai siku baba alipofariki. Kila mtoto alipata chake, na kwa jinsi ile ile kila mtoto akapata upande wake. Mwaka 1859 mama yake Salme alikufa kwa kipindupindu. Mwaka huo huo Barghash alimwasi Majid, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa mwandishi wa barua za waasi kwa ile elimu ya mfupa wa ngamia. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kisiwani, hakubaliki kikamilifu upande wowote. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaolewa mwaka 1867 na kuhamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa. Mjane akabaki na watoto watatu, ugenini, katika baridi asiyoizoea.

Watoto hao ndio aliowaandikia kwanza. Hawakumjua babu yao, hawakuwa wameona mkarafuu, wala hawakujua jinsi siku inavyopita katika nyumba ya Mtoni. Ndiyo maana kitabu kimejaa maelezo ambayo Mzanzibari wa wakati ule asingeyahitaji: saa za sala, mavazi, sikukuu, ugonjwa na tiba, harusi na mazishi. Ukiyasoma yote kwa pamoja unamwona mama akiwafanyia wanawe kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na shangazi, bibi, majirani na wazee wa msikitini. Yeye hakuwa na hata mmoja wao karibu, ikambidi awe wote.

Hata hivyo tusikisome kitabu hicho kama chozi tupu. Mwaka 1885, mwaka mmoja kabla hakijachapishwa, Salme alirudi Unguja akifuatana na manowari za Kijerumani. Alikuwa akidai mafungu yake ya mirathi, na serikali ya Bismarck iliona faida ya kumtumia kumbana Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani. Barghash alikataa hata kumwona dada yake. Machoni pa kasri, aliyeacha dini na kuolewa na Mkristo alikuwa amejitoa katika ukoo. Kwa hiyo kila ukurasa unaomtaja baba unasema pia jambo la pili: mimi ni binti yake, na hakuna wa kunivua ubinti huo. Kumkumbuka baba kulikuwa pia kudai nafasi katika nyumba yake.

Lipo pia lile ambalo mapenzi yake hayakuligusa. Ukarimu wa Mtoni, karafuu za mashambani na fahari ya kasri vilibebwa na watumwa. Sayyid Said alikubali mkataba wa mwaka 1822 na ule wa 1845, yote miwili ya kuibana biashara ya watumwa kwa kubanwa na Waingereza, lakini alifariki akiwa mmoja wa wenye watumwa wengi kisiwani. Salme aliutetea utumwa waziwazi katika kitabu chake. Wale waliokuwa wakimtilia maji na kumtandikia farasi nao walikuwa na baba zao, huko bara walikotolewa, na kumbukumbu za baba hao hazikupata mfupa wa kuandikiwa.

Je, basi tumkatae shahidi huyu? La. Ushahidi wa mtoto ni wa kweli katika jambo analolijua yeye tu, yaani jinsi baba alivyokuwa kwake. Haufai kutumika kama hukumu ya mtawala, wala hukumu ya mtawala haiufuti. Siku hizi kwenye misiba yetu husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, ameacha mjane na watoto kadhaa. Mambo hayo yanaweza kupatikana katika faili za ofisi. Anayetaka wajukuu wamjue babu yao aongeze kile ambacho faili haina: alitembeaje, alinyamaza wakati gani, nani alikula naye na nani hakuitwa mezani. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu humhusu marehemu pamoja na sisi tuliobaki.

Wiki ijayo, Inshallah, tutaingia katika jambo jingine ambalo wasifu haulisomi ilhali kila familia inalijua: madeni ya marehemu, na kwa nini hulipwa kwanza kabla ya mirathi kugawanywa.