Saif Shaheen, bingwa wetu aliyetoka Keiyo

Usiku wa tarehe 4 Oktoba 2019 nilimpeleka mwanangu Uwanja wa Khalifa, hapa Doha, kutazama fainali ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Conseslus Kipruto wa Kenya alimshinda Lamecha Girma wa Ethiopia kwa sekunde 0.01 tu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mtu wa Mombasa, nifanyeje?

Mtoto akaniuliza, "Baba, rekodi ya dunia ya mbio hizi ni ya nani?" Nikamwambia ya Qatar. Akadhani namtania.

Wakubwa mtamkumbuka Stephen Cherono, kijana wa Keiyo kule Bonde la Ufa. Mwaka 2002 aliipatia Kenya dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester. Agosti 2003 akachukua uraia wa Qatar, akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi uleule akawa bingwa wa dunia mjini Paris. Katika fainali hiyohiyo alikuwemo ndugu yake wa damu, Abraham Cherono, kavaa jezi ya Kenya. Sijui nyumbani kwao walimshangilia nani.

Kenya ilikasirika. Sheria ya Olimpiki inamtaka aliyehama taifa asubiri miaka mitatu, ila nchi yake ya kwanza ikimruhusu mapema. Kenya haikumruhusu. Basi Athens 2004 hakukimbia, na Wakenya wakazoa medali zote tatu. Siku kumi baadaye, tarehe 3 Septemba, mjini Brussels, Shaheen akakimbia dakika 7:53.63. Rekodi ya dunia! Mwaka 2005 akatwaa tena ubingwa wa dunia Helsinki. Kisha yakaja majeraha, Beijing 2008 nayo ikampita. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Wengine walimwita msaliti. Mimi siwezi. Babu yangu alitoka Hadhramaut akaenda Mombasa, mimi nikaja Ghuba, na kila uwanja wa ndege naulizwa, "Wewe hasa ni wa wapi?" Lakini hasira ya Wakenya naielewa pia, maana ni wao waliomlea.

Rekodi ilidumu karibu miaka 19. Juni 2023 Girma, yuleyule wa Khalifa, akaivunja mjini Paris kwa 7:52.11. Mwanangu, sasa kanipita urefu, akanitumia ujumbe: "Baba, rekodi yetu imekwenda."

Sikumuuliza "yetu" ni ya kina nani.