Uvimbe wa Taya Usiouma

Ndugu, mtu akiumwa jino hakawii kuja hospitali. Maumivu yenyewe yanamsukuma. Lakini uvimbe usiouma humdanganya. Asema, «Hauniumi, basi si kitu.» Miaka inapita, ndipo anakuja amefunika uso kwa kitambaa.

Uvimbe huu ni nini? Kuna mmoja uitwao ameloblastoma. Hauonekani mara nyingi. Watoka katika chembe zile zinazotengeneza meno, nao hukua polepole ndani ya mfupa, hasa katika taya la chini upande wa magego. Si laana wala uchawi, wala hauambukizi. Si kansa, na kwa kawaida hauendi mahali pengine mwilini. Lakini unakula mfupa: meno yanalegea na kuhama, shavu linatokeza.

Unajulikanaje? Mganga hutazama kinywa na kupapasa taya. Picha ya radio mara nyingi yaonyesha mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Lakini picha peke yake haitoshi, kwa maana kuna uvimbe mwingine unaofanana nao. Kwa hiyo kipande kidogo hukatwa na kutazamwa kwa mikroskopi.

Unatibiwaje? Kwa kawaida ni kwa kupasuliwa. Kuukwangua tu ni kama kukata majani na kuacha mizizi: mara nyingi hurudi. Kwa sababu hiyo mganga huondoa uvimbe pamoja na mfupa mzima ulio kandokando, kama sentimita 1 au 2. Pengo laweza kuzibwa kwa chuma, au kwa mfupa uliotolewa mguuni au nyongani. Baadaye mgonjwa arudi kutazamwa kwa miaka 10 na zaidi, hata akijiona mzima.

Wazazi, angalieni! Taya la mtoto likivimba upesi, kwa siku au majuma machache, msingoje hata kidogo. Yaweza kuwa kansa ile aliyoieleza Dokta Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958. Hiyo hutibiwa kwa dawa za mshipani, na watoto wengi wakiletwa mapema hupona.

Basi usichanje uvimbe kwa wembe. Using'oe jino lililolegea kabla ya kupimwa. Usione haya. Njoo uvimbe ungali mdogo, maana ukiwa mdogo, mfupa utakaoondolewa nao ni mdogo.